Vumbi la Mawe Lizuiwe Linapozaliwa

Kila askari aliyepitia mafunzo anajua kwamba adui hangojwi mlangoni mwa nyumba. Hutafutwa mbali, huzuiwa mpakani, na mlinzi wa mlangoni huwekwa kwa ajili ya yule mmoja aliyewaponyoka waliotangulia. Desturi hiyo ya vita ndiyo itupasayo kuitumia dhidi ya adui mwingine, asiye na bunduki wala sare, ambaye huingia vifuani mwa watu wetu kila siku bila kubisha hodi. Adui huyo ni vumbi la mawe.

Huenda ukasema kwamba jambo hili ni la wachimba madini tu, na kwamba halihusu kambi wala kituo cha polisi. Sivyo. Katika jeshi wamo wahandisi wanaotoboa miamba na kutengeneza barabara. Wamo mafundi wanaokata zege na matofali. Wako wastaafu ambao kiinua mgongo chao kimenunua mashine ya kuponda kokoto. Wako akina mama wanaopata karo ya watoto kwa nyundo na lundo la mawe, kama wale waliokimbia vita vya kaskazini ya Uganda, wakakaa kwenye kilima cha Kireka, mashariki ya Kampala, na kuyafanya machimbo ya pale kuwa shamba lao. Na wako vijana wetu waliokwenda kutafuta dhahabu Mubende, Busia na Karamoja. Hao wote wanavuta hewa moja, na wengi wao wanaamini kwamba kitambaa kilichofungwa puani kimewatosha.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba kitambaa hakitoshi, na kwamba ulinzi wa kweli huanza mahali pengine kabisa: pale jiwe linapovunjika.

VUMBI LIONEKANALO NA LISILOONEKANA

Katika mawe mengi ya nchi zetu kuna kitu ambacho wataalamu hukiita silika. Kimo katika mchanga, katika mawe magumu ya kujengea, katika yale mawe meupe yang'aayo ambamo mara nyingi dhahabu hujificha, na hata katika zege na matofali. Jiwe likiwa zima, silika yake haimdhuru mtu. Waweza kulikalia maisha yako yote. Hatari huzaliwa wakati jiwe linapopondwa, linapotobolewa, linapokatwa au kusagwa.

Wingu jeupe tunaloliona likipanda juu ya machimbo ndilo linalotutisha, nalo lina madhara yake. Lakini chembe zake kubwa hunaswa na vinyweleo vya pua na ute wa koo, tukazitema au kuzipenga. Chembe zinazoua ni zile ambazo jicho halizioni. Ukigawa milimita moja mara elfu moja, kila kipande huitwa maikroni. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni zile ndogo kuliko maikroni 10, na hasa zilizo chini ya maikroni 5. Vumbi la namna hiyo halianguki chini upesi; laweza kuelea hewani kwa saa nyingi baada ya wingu kutoweka na watu kusema, "Sasa pametulia."

Chembe hizo zikifika katika vifuko vidogo vya hewa mwishoni mwa mapafu, askari wa mwili huzivamia na kuzimeza, kama wafanyavyo kwa vijidudu vya maradhi. Lakini silika haiyeyuki. Askari yule hufa, chembe humtoka, askari mwingine huja kuimeza naye akafa, na mahali pa mapambano hayo pakabaki kovu. Kovu haliwezi kupitisha hewa. Makovu yakiongezeka, mapafu huwa magumu mithili ya sifongo iliyokauka. Ugonjwa huo ndio uitwao silikosi.

Yafaa kila mmoja wetu ajue mambo manne juu ya ugonjwa huu. La kwanza, hauna dawa ya kuuponya. Daktari aweza kupunguza mateso tu. La pili, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi kidogo kidogo, lakini vumbi likiwa jingi sana waweza kumshika mtu kwa miaka michache, na pengine hata kwa miezi. La tatu, waweza kuendelea kula mapafu hata baada ya mtu kuiacha kazi ile. La nne, huwafungulia mlango wagonjwa wengine wa kifua: mwenye silikosi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine, na tangu mwaka 1997 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi la silika la makazini katika kundi la vitu vinavyothibitika kuleta kansa ya mapafu.

WALIOKUFA NA WASIOPIGWA RISASI

Ugonjwa huu ni wa kale. Georgius Agricola, tabibu wa Ujerumani aliyeishi kati ya wachimba madini, alieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1556 kwamba katika migodi ya milima ya Carpathia walionekana wanawake walioolewa na wanaume saba mmoja baada ya mwingine, na wote saba wakachukuliwa na ugonjwa wa kifua. Basi tangu zamani hizo, anayelipa gharama ya vumbi si mwanamume aliye mgodini peke yake. Mkewe nyumbani hulipa pia.

Lakini somo kubwa zaidi lilitokea katika bara letu la Afrika. Mwezi wa Oktoba 1899 vilianza vita kati ya Waingereza na Makaburu huko Afrika ya Kusini. Migodi mingi ya dhahabu ya Witwatersrand ilisimama na wafanyakazi wakatawanyika. Ilipofika Januari 1902, mkuu wa serikali wa mambo ya migodi katika Transvaal alitoa hesabu ya wale waliokuwa wakiendesha mashine za kutoboa mwamba kabla ya vita. Walikuwa watu 1,377. Kati yao, 225 walikuwa wamekwisha kufa kwa ugonjwa wa mapafu. Hiyo ni karibu mtu mmoja katika kila sita, kwa muda wa miaka miwili na miezi michache tu, nao hawakuuawa kwa mizinga.

Na hao waliohesabiwa walikuwa wazungu wenye mashine. Maelfu ya Waafrika waliofanya kazi katika vumbi lile lile hawakuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Miaka mingi baadaye chama cha kuajiri kilichojulikana kwa jina la WENELA kiliendelea kukusanya wanaume kutoka Malawi, Msumbiji na kwingineko, wakiwamo watu wa Tanganyika, kwenda kuchimba dhahabu hiyo. Wengi walirudi makwao na blanketi, na fedha kidogo, na kikohozi. Kijijini kikohozi kile kiliitwa kifua kikuu, au kiliitwa uchawi.

Deni la vumbi hilo halijamalizika hata leo. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano ambayo kwayo makampuni sita ya dhahabu yalitenga randi bilioni 5 kuwalipa fidia wachimbaji waliopatwa na silikosi au kifua kikuu kwa kazi ya migodini tangu mwaka 1965, au warithi wao. Fedha hizo ni haki yao. Hata hivyo hakuna randi inayoweza kulainisha pafu lililokwisha kuwa gumu.

MAJI YALIJULIKANA ZAMANI

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa ya kuzuia vumbi ilikuwa imekwisha kupatikana. Mashine za kwanza za kutoboa mwamba zilifanya kazi kavu kavu, na wachimbaji wa Marekani walizipa jina la "mfanya wajane". Mwishoni mwa karne ya 19 fundi mmoja wa Colorado, John George Leyner, aliunda mashine yenye sindano ya chuma iliyo wazi katikati, ambayo maji hupitia ndani yake hadi ncha inapokutana na jiwe. Pale pale vumbi linapozaliwa, hugeuka tope. Polepole maji yakawa kanuni ya migodi mingi duniani.

Walioikaidi kanuni hiyo walilipa. Mwaka 1930 ilianza kazi ya kutoboa mlima karibu na Gauley Bridge, katika jimbo la West Virginia huko Marekani, ili kupitisha maji ya kuzalisha umeme. Mwamba wa pale ulikuwa karibu silika tupu. Wafanyakazi wengi walikuwa Wamarekani weusi waliotoka kusini kutafuta riziki katika miaka ya shida. Kwa kuwa kutoboa kwa maji kulionekana kuchelewesha kazi, mara nyingi walitoboa kavu. Utafiti wa daktari Martin Cherniack, uliotolewa mwaka 1986, ulikadiria kwamba watu 764 walikufa kwa sababu ya kazi hiyo, wengi wao kabla ya miaka michache kupita. Kilichokosekana pale si elimu, maana maji yalijulikana. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema, "Tutachelewa kidogo, lakini hatutatoboa kavu."

Nawe usidhani kwamba hayo ni mambo ya babu zetu tu. Katika viwanda vya Uturuki vijana walikuwa wakipuliza mchanga kwa nguvu juu ya suruali za jinzi ili zionekane zimechakaa, suruali za aina ile tunayoinunua katika mitumba na kuisifu kwa upya wa mtindo wake. Vijana hao walipatwa na silikosi wakiwa bado hawajafika hata miaka 30, mpaka serikali ya nchi hiyo ikapiga marufuku upulizaji huo mwaka 2009. Huko Australia mafundi waliokata mawe ya kutengenezwa kwa ajili ya meza za jikoni waliugua kwa wingi, na kuanzia Julai 2024 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kuyapiga marufuku mawe hayo. Mifano hiyo miwili yatuonyesha ulinzi ulio bora kupita wote, yaani kukiacha kabisa kitu chenye madhara pale ambapo kipo kingine cha kutumia badala yake.

VUMBI LINAPOLETWA NYUMBANI

Sasa na tuingie ndani ya ua, kwa kuwa huu ni ukurasa wa nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 2010, katika vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watoto walianza kufa wakiwa na degedege. Wazazi walidhani ni malaria. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni sumu ya risasi: siyo ile inayotoka katika mtutu wa bunduki, bali ile madini yenyewe ambayo bunduki imeazima jina lake. Wanaume walikuwa wakichimba dhahabu, na mawe yake yalikuwa na risasi nyingi. Mawe hayo yaliletwa nyumbani yakapondwa na kusagwa kavu uani, pengine kwa mashine zile zile za kusagia nafaka. Vumbi likatua juu ya mikeka, juu ya sufuria, juu ya udongo ambao watoto hutambaa na kuchezea kisha wakatia vidole kinywani. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Ilibidi udongo wa nyua nzima uchimbwe na kuondolewa, na watoto waliosalia wapewe dawa ya kuitoa sumu mwilini.

Baba zao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wale wale. Kosa lilikuwa kuileta kazi ya mgodi ndani ya ua. Basi jiwe la dhahabu lisipondwe nyumbani kamwe, wala lisitiwe katika kinu cha unga. Na yeyote afanyaye kazi ya vumbi, liwe la mawe au la kitu kingine, asirudi nalo mwilini. Avue nguo za kazi huko huko kazini, anawe uso, mikono na nywele, kisha avae nguo safi. Nguo zile zisikung'utwe mlangoni, bali zitumbukizwe katika maji kwanza, zifuliwe peke yake pasipo kuchanganywa na nepi za mtoto, na maji yake yasimwagwe mahali watoto wanapochezea.

NGAZI YA ULINZI

Wataalamu wa usalama kazini hupanga hatua za kuzuia vumbi kama ngazi. Ngazi hii hupandwa kwa utaratibu. Asiruke mtu hatua za chini akakimbilia ile ya juu kabisa kwa kuwa ndiyo rahisi kununua dukani.

Hatua ya kwanza ni kuliepuka vumbi lisizaliwe. Je, ni lazima kukata ukuta huu wa zege, au bomba laweza kupitishwa mahali pengine? Kutu ya chuma yaweza kuondolewa kwa njia isiyo ya kupuliza mchanga. Uingereza iliamua tangu mwaka 1949 kukataza mchanga kutumika kwa kupuliza vyuma viwandani.

Hatua ya pili ni maji. Lundo la mawe lilowanishwe kabla ya nyundo ya kwanza, na lilowanishwe tena kila linapokauka. Maji yaliyosuuza vyombo au nguo yanatosha. Hayana haja ya kuwa ya kunywa. Mashine ya kutoboa na msumeno wa kukata zege viwe na mpira wa maji unaomwagilia mahali penyewe jiwe linapokatwa. Mashine ya kuponda kokoto iwekewe mabomba yenye matundu madogo juu ya mdomo wake na mahali kokoto zinapoangukia. Ila kumbuka kwamba tope likikauka hugeuka vumbi tena; hivyo lizolewe lingali bichi.

Hatua ya tatu ni kulifungia vumbi na kulivuta. Mashine yaweza kufunikwa kwa mabati au turubai, na katika karakana yaweza kuwekwa feni yenye bomba linalonyonya vumbi karibu kabisa na mahali linapotokea, kabla halijapita puani mwa fundi. Feni inayopuliza tu huku na huku hulisambaza vumbi kwa majirani.

Hatua ya nne ni kupanga watu na saa. Apondaye mawe akae upepo ukimpiga mgongoni, wala si usoni. Wapondaji waachane nafasi, ili vumbi la mmoja lisiwe mzigo wa mwenzake. Watu wabadilishane zamu katika kazi iliyo mbaya zaidi. Na mtoto asibebwe mgongoni machimboni wala asilazwe kivulini kando ya lundo. Mapafu yake ni machanga, na yeye yuko karibu zaidi na ardhi. Akina mama wanaofanya kazi pamoja wanaweza kupeana zamu ili mmoja wao awalee watoto wote mbali na vumbi.

Hatua ya tano ni usafi. Vumbi lisifagiwe kavu, wala lisipulizwe kwa hewa ya kompresa kutoka sakafuni, kwenye mashine au kwenye nguo. Lipanguswe kwa kitambaa chenye maji au lifagiwe baada ya kunyunyiziwa.

Hatua ya mwisho kabisa ni barakoa. Huyu ndiye mlinzi wa mlangoni niliyemtaja mwanzo. Kanga, leso au barakoa ya kitambaa huzuia chembe kubwa tu. Zile zinazoua hupita katika nyuzi zake kama mbu apitavyo katika wavu wa samaki. Inayofaa ni barakoa maalumu ya vumbi, kama ile iitwayo N95, ambayo imepimwa kuwa inazuia chembe ndogo 95 kati ya kila 100. Nayo haifai kitu ikiwa haikubani uso pande zote. Ndevu huiinua na kuacha upenyo. Hapa askari wetu wanyoao kila asubuhi wamepata faida. Ikilowa, ikiziba au ikilegea mikanda, itupwe. Na mkubwa wa kazi asione kwamba amemaliza wajibu wake kwa kugawa barakoa huku mashine ikitoboa kavu.

Mtu aweza kuuliza, vumbi kiasi gani ni kingi? Marekani, katika kanuni zake za mwaka 2016, iliweka mpaka wa miligramu 0.05 za silika katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Kwa mpaka huo, hewa yote ya chumba kile haitakiwi kuwa na silika inayozidi miligramu moja na nusu. Huo ni uzito wa punje thelathini hivi za chumvi laini ya mezani, zikiwa zimesagwa na kutawanywa chumba kizima. Waona basi kwamba macho hayawezi kuwa mizani ya jambo hili. Ikiwa vumbi laonekana, mpaka huenda umepitwa zamani.

KAMBINI NAKO KUNA NDUGU ZA VUMBI HILI

Katika uwanja wa kulenga shabaha, hasa ulio ndani ya jengo, baruti na risasi zinazogonga ukingo hutoa vumbi na moshi wenye madini ya risasi. Hewa ipitishwe kutoka nyuma ya wapigaji kuelekea kwenye shabaha. Maganda yasiokotwe kwa kofia, sakafu isifagiwe kavu, mtu asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni, na sare iliyovaliwa huko isiwe ya kumpakatia mtoto jioni.

Katika karakana za magari, breki za magari ya zamani zaweza kuwa na asbestosi. Usizipulize kwa kompresa. Zipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Vivyo hivyo mabati ya asbestosi yaliyoko juu ya majengo ya zamani: yakiwa mazima na kuachwa yalivyo, hatari yake ni ndogo, lakini yasikatwe kwa msumeno, yasisuguliwe kavu, wala vipande vyake visiokotwe kujengea jiko au banda la kuku. Magonjwa ya asbestosi hujificha kwa miaka 20, 30 au 40 kabla ya kujitokeza. Kijana anayeivuta leo ataugua akiwa babu, na atakuwa amesahau sababu.

HOSPITALINI NA MBELE YA SHERIA

Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawahimiza matabibu wenzake wawaulize wagonjwa swali moja walilolisahau: unafanya kazi gani? Ikiwa tabibu hakukuuliza, mwambie mwenyewe. Mwambie, "Daktari, nilitoboa miamba miaka sita," au "Mama huyu huponda mawe." Katika picha ya eksirei, silikosi na kifua kikuu huweza kufanana, na mtu aweza pia kuwa navyo vyote viwili. Ndiyo maana makohozi yapimwe. Kifua kikuu hupona kwa dawa, nazo hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Lakini mgonjwa aliyepona akarudi katika vumbi lile lile amejirudisha vitani bila silaha. Dalili zisipuuzwe: kikohozi kisichokwisha kwa wiki mbili, kuishiwa pumzi katika mlima ambao mwaka jana uliupanda ukiimba, kukonda, na maumivu ya kifua. Na avutaye sigara juu ya vumbi anajiongezea mzigo mapafuni.

Kuhusu sheria, Uganda inayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, ambayo inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya watu wake, na kuwapa wakaguzi wa serikali mamlaka ya kuingia mahali pa kazi na kukagua. Iko pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Sheria hiyo ya fidia huwahusu pia walioajiriwa na serikali, lakini haiwahusu askari walio katika utumishi wa jeshi, ambao mambo yao hufuata taratibu za jeshi lenyewe. Kwa hiyo askari aliyefanya kazi ya vumbi na ahakikishe kazi hiyo imeandikwa katika kumbukumbu za kikosi, na kila apimwapo kifua, matokeo yatunzwe. Mfanyakazi wa raia naye atunze barua ya ajira, vitambulisho vya kazi na picha za eksirei. Ugonjwa ujao baada ya miaka 15 huhitaji karatasi ya miaka 15 iliyopita. Tena Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi.

Shirika hilo la Kazi na Shirika la Afya Duniani walianza mwaka 1995 mpango wa kuitokomeza silikosi duniani ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo halitafikiwa kwa mikutano ya Geneva peke yake. Litafikiwa pale ambapo sajini wa uhandisi atakataa kuwasha mashine mpaka tangi la maji lije, ambapo mstaafu mwenye mashine ya kokoto atanunua mpira wa maji kabla ya kununua nyundo ya pili, na ambapo mama atamwambia kijana wake arudiye likizo kutoka machimboni, "Mwanangu, nguo hizo zivulie nje, na mawe yako yabaki huko huko."

Jerikeni moja la maji juu ya lundo la mawe ni jambo dogo, na kesho asubuhi laweza kuanza. Tusingoje mpaka kikohozi kituambie.